Sura Zisizo na Majina



Picha hizi mzionazo ukutani ni za Makerere ya zamani. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kikifundisha ufundi. Mwaka 1949 kikawa koleji ya kutayarisha watu kwa shahada za London. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana pale, Chinua Achebe na Wole Soyinka wakiwamo. Hao twawajua. Lakini tazameni picha za mihadhara: asimamaye jukwaani ana jina, na safu za wasikilizaji hazina. Kijana yule aliyeketi nyuma huenda akawa babu yako.

Septemba 2020 moto uliunguza Jengo Kuu la Makerere. Jengo limesimamishwa tena. Bali jina lililosahauliwa halifyatuliwi kama tofali.

Basi nawasihi, mfikapo nyumbani toeni picha masandukuni. Waulizeni wazee wangali hai, mkaandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi: ni nani, wapi, mwaka gani. Wajukuu nao wapate kuwaombea kwa majina yao.