Breki ya Mkono Iliyolegea: Maneno kwa Wenye Pikapu wa Masasi na Newala

Leo nataka kuwaelezeni habari za kitu kidogo katika gari, ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapowaponza. Kitu hicho ni breki ya mkono.

Nchi yetu mwaijua. Masasi iko chini, katikati ya milima yake ya mawe; Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma mbali chini yake. Kutoka mji mmoja kwenda wa pili hapana budi kupanda au kushuka. Wakati wa korosho pikapu huchukua magunia kutoka mashambani mpaka ghalani, na siku nyingine huchukua mapipa ya maji. Basi kila dereva husimama penye mteremko, kupakia, kushusha, au kumwamkia jamaa yake.

Mwaka mmoja niliona pikapu yenye magunia imesimama namna hiyo. Dereva alikuwa ameivuta breki ya mkono mpaka juu, akashuka kuzungumza. Watoto wawili walikaa nyuma ya gari, kivulini. Mara gari likaanza kwenda polepole, bila sauti. Mama mmoja akapiga ukelele, watoto wakakimbia, nalo gari likaenda kukwama katika mkorosho. Dereva akaapa kwamba breki yake ni nzima, maana fundi aliikaza juma lile lile. Naam, aliikaza, lakini alikaza waya tu. Hili ndilo neno nililolijia leo: ugonjwa wa breki ya mkono mara nyingi uko gurudumuni.

Sikilizeni jinsi ifanyavyo kazi. Katika pikapu nyingi, mkono wa breki huvuta waya upitao chini ya gari mpaka magurudumu ya nyuma. Huko wenzo mdogo husukuma viatu viwili vya breki, navyo hubana dramu kwa ndani. Viatu vikilika, nafasi kati yao na dramu huzidi. Hapo waya humaliza mwendo wake wote katika kuijaza nafasi ile, na nguvu ya kubana haibaki.

Wala msidanganyike kwa kuwa gari limetulia mahali pa sawasawa. Gari la kilo 2,000 likisimama penye mteremko unaoshuka hatua 1 kwa kila hatua 10, huvutwa chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 200 hivi. Lipakieni korosho kilo 1,000, na nguvu hiyo itakuwa 300.

Sasa, ugonjwa hujulikanaje? Kwanza, vuteni mkono polepole mkihesabu milio yake, kisha mlinganishe na hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha gari, maana kila aina ina hesabu yake. Pili, kanyageni breki ya mguu. Ikiwa mguu nao huenda chini sana, kisha hupanda mkiukanyaga mara ya pili na ya tatu, mara nyingi ni viatu vilivyo mbali na dramu. Ikiwa mguu uko juu na mkono peke yake umelegea, tazameni waya: huenda umenyoka, au umekwama kwa kutu na mchanga, au wenzo wa gurudumuni umekauka. Tatu, tazameni kama upande wa ndani wa gurudumu umelowa mafuta. Viatu vilivyolowa mafuta havibani. Yafaa kuziba kwanza mahali panapovuja, kisha kuvibadilisha viatu vya pande zote mbili pamoja.

Katika kutengeneza, utaratibu ni huu. Tieni kabari magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono itaachwa wazi. Inueni nyuma kwa jeki, kisha wekeni stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Lowesheni vumbi la breki kwa maji wala msilipulize, maana viatu vya zamani huenda vina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Kama viatu bado vinene, zungusheni kikazio chenye meno mpaka gurudumu likaze, kisha kilegezeni mpaka lizunguke kwa wepesi. Fanyeni hivyo pande zote mbili. Ndipo waya ukazwe, kidogo tu, nao ukazwe mwisho. Mtu akianza na waya, viatu vyaweza kugusa dramu njia nzima, dramu ikapata moto, viatu vikalika upesi, na baada ya siku chache ulegevu ukarudi.

Kazi ikiisha, lijaribuni gari penye mteremko mdogo, likitazama juu, kisha likitazama chini. Dereva akae ndani, mguu karibu na breki, wala asiwepo mtu mbele wala nyuma.

Mtasema, tunalo jiwe. Jiwe ni msaidizi mwema, lakini si dawa. Mtoto huweza kuliondoa. Na dereva akiondoka na kuliacha barabarani, mwenye pikipiki hulikuta gizani. Mkisimama mlimani, vuteni breki ya mkono, geuzeni magurudumu ya mbele kuelekea kingo ya udongo, tieni gia ya kwanza kama gari latazama juu, au gia ya nyuma kama latazama chini, kisha wekeni kabari, na mkiondoka ichukueni.

Waalimu, wafundisheni watoto wasitafute kivuli nyuma ya gari. Wazee, mwonapo gari vijijini limezuiwa kwa jiwe kila siku, mwulizeni mwenyewe lini dramu zake zilifunguliwa mara ya mwisho. Swali hilo halina gharama.