Kaini Alilindwa Kabla ya Kutubu

Wahubiri wengi wakifika Mwanzo sura ya 4 humalizana na Kaini haraka: kamwua nduguye, kalaaniwa, kapigwa chapa ya aibu, kaishia nchi ya Nodi. Mhadhara huu unaipinga hiyo chapa ya aibu.

Tuzifuate aya zilivyopangwa. Laana imo katika aya ya 11 na 12: ardhi iliyokunywa damu ya Habili haitampa Kaini mazao, naye atakuwa mtu wa kutangatanga. Hukumu imekwisha hapo. Ndipo Kaini analia kwamba yeyote atakayemwona atamwua, na katika aya ya 15 Mungu anamjibu: atakayemwua atalipizwa kisasi mara saba, kisha anamtia alama ili asiuawe. Anayeiita alama hiyo adhabu ya pili atueleze ni adhabu gani inayomwekea mhalifu ulinzi. Wala andiko halisemi ilifananaje, au ilikaa sehemu gani ya mwili.

Kimya hicho watu wamekijaza wenyewe. Mhadhiri alikua akitazama picha ya shule ya Jumapili iliyomwonyesha Kaini na doa jeusi kwenye paji la uso, wala hakuna mtoto aliyeuliza mchoraji alilitoa wapi. Doa hilo lina historia chafu. Huko Marekani watetezi wa utumwa walidai kwamba alama yenyewe ni ngozi nyeusi. Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston, aliyajua madai hayo na kuyajibu katika kitabu chake cha mashairi cha 1773. Kuigeuza kinga ya Mungu kuwa hoja ya kumfunga mtu minyororo ni kufuru. Marabi wa kale walibahatisha kwa adabu zaidi; katika Bereshit Rabba, ufafanuzi wao wa kitabu cha Mwanzo, mmoja anasema Kaini aliota pembe, na mwingine, Rav, anasema alipewa mbwa. Rav alikuwa karibu na kweli, kwa kuwa mbwa ni mlinzi.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba Kaini lazima alitubu kwanza, maana rehema hufuata toba. Lakini toba hiyo iko aya gani? Kaini analalamikia uzito wa adhabu yake, Habili hamtaji. Waraka wa kwanza wa Yohana unamweka upande wa yule mwovu, na waraka wa Yuda unaonya dhidi ya njia yake. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayoipa alama uzito wake: aliyelindwa ni mwuaji ambaye bado anajihurumia mwenyewe. Paulo, katika Warumi 5:8, anaufuata mpangilio uleule anapokiweka kifo cha Kristo kabla watu hawajaiacha dhambi.

Hakuna aliyeliona hili vizuri kuliko Ambrosi wa Milano, katika vitabu vyake viwili juu ya Kaini na Habili. Anasema Mungu alipendelea mkosaji arekebike kuliko afe, kwa hiyo hakutaka uuaji ulipizwe kwa uuaji mwingine. Aliyeandika hayo alikuwa mwanasheria, tena gavana katika Dola ya Roma, aliyevijua vyumba vya hukumu. Paulino, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mwaka 374, watu walipomtaka awe askofu, Ambrosi aliagiza washtakiwa wateswe hadharani, kinyume cha desturi yake, ili umati umwone hafai. Umati haukubadili nia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliyarudia maneno ya Ambrosi juu ya Kaini mwaka 1995, katika waraka wa Evangelium Vitae.

Wala huruma hii haikumfanya Ambrosi kuwa mlegevu. Mwaka 390 Kaisari Theodosius alipoamuru mauaji ya watu wa Thesalonike, askofu huyo alimnyima Ekaristi mpaka alipofanya toba mbele ya waumini. Mwanahistoria Theodoret anaongeza sharti moja, nalo lingetosha kuwa mhadhara mwingine: Ambrosi alimtaka Kaisari atunge sheria kwamba kila hukumu ya kifo isubiri siku 30, kisha iletwe tena mbele yake, aipime upya hasira ikiwa imeshuka.