Kijana na Kitabu Chake cha Kwanza
(Hotuba iliyosomwa Garissa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo linalowahusu vijana wetu na mali ya wazazi wao. Wako vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wanaotunga vitabu, na kila mwenye mswada wa kwanza hukabiliwa na swali moja: aupeleke kwa mchapishaji, ama autoe mwenyewe kwa fedha za nyumbani?

Kwanza yafaa tuwatenge watu wawili. Mpiga chapa hupokea malipo, hutia maneno karatasini, na kazi yake huishia hapo. Mchapishaji huchagua mswada, huusahihisha, hugharimia chapa, kisha hukiuza kitabu. Mtungaji hupata fungu katika mauzo, aghalabu kama sehemu 10 katika kila 100. Basi ajiitaye mchapishaji, naye akamtoza kijana gharama zote, huyo ni mpiga chapa aliyevaa kanzu ya mwenziwe.

Njia zote mbili zimefuatwa katika nchi yetu. Mwaka 1962 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alimwonyesha Chinua Achebe mswada wake, na mwaka 1964 Heinemann ya London ikatoa riwaya yake ya kwanza. David Maillu alishika njia ya pili. Mwaka 1972 aliunda Comb Books mjini Nairobi, akatoa vitabu vyake mwenyewe. Vilinunuliwa kwa wingi, ijapokuwa wengi walivilaumu kwa utovu wa adabu. Lakini kampuni ile haikudumu.

Hali yetu ina uzito wake. Wachapishaji wa Nairobi hutegemea zaidi vitabu vya shule. Kwa hiyo hadithi ya Kisomali, hata ikiwa njema, huweza kurudishwa kwa uchache wa wanunuzi, wala si kwa ubovu wake. Kijana wa namna hiyo ana haki ya kujichapishia. Lakini ngamia wa baba yake asiuzwe ili zipatikane nakala 1,000 za kuliwa na mchwa. Na aanze na nakala 100, aziuze, ndipo arudi kwa mpiga chapa. Kila nakala na iandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala asiuze haki yake kwa malipo ya mara moja. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya mtungaji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Aiuzaye huuza urithi wa watoto wake.

Wazee wetu, ngamia hauzwi gizani bila shahidi. Kwa nini kijana atie sahihi mkataba peke yake? Naomba chama kiteue wanachama watatu wa kusoma mikataba ya vijana kabla haijatiwa sahihi. Tena kila kitabu kitakachotoka, nakala mbili zipelekwe maktaba ya Garissa, iliyoanza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu migongoni mwa ngamia. Hapo ngamia wetu watabeba maneno ya watoto wetu wenyewe.