Haki za Kuzaliwa Nazo na Misingi ya Jamhuri: Mada kwa Viongozi wa Vijiji na Kata, Kenyamonta



Nimeombwa nieleze haki za asili na misingi ya jamhuri yetu. Maana zake nitazipita haraka, mnazifahamu. Haki ya asili ni ile mtu anayozaliwa nayo. Serikali haimpi, inamlindia. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 imeliweka hilo wazi, ingawa haki hizi ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984 na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu. Ya 13 inakataza kumtesa na kumdhalilisha.

Sasa nije kwenye ukeketaji, unaovunja haki hizi. Binti wa Kingoreme au wa Kikurya ana haki hizo kabla ukoo haujakaa kikao. Baba, ngariba na baraza la wazee hawana mamlaka juu ya mwili wake. Nasema hivi kwa heshima zote. Mila zetu za kulea vijana nazithamini, hii siwezi kuitetea.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya ukeketaji wa mtoto chini ya miaka 18 kuwa kosa. Hata hivyo, miaka yote niliyofuatilia mashauri haya, yanafia mahali pale pale. Desemba shule zikifungwa, mtoto anakimbilia nyumba salama, Mugumu au Masanga. Aliyechelewa kukimbia akakeketwa, shauri linafunguliwa kwa ajili yake. Januari anarudishwa kwa baba yule yule anayeshtakiwa, anayemlisha na kumnunulia sare. Siku ya kusikilizwa hafiki, au anafika na kusema hakumbuki. Mama yake anaogopa kufukuzwa. Balozi wa nyumba kumi ni ndugu. Mganga aliyejaza fomu ya polisi ya PF3 amehamishwa. Hakimu atafanyaje? Tena mtoto asiyezidi miaka 14 asiyeapa lazima aahidi kusema kweli, na ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa shauri, ushahidi wake unaweza kutupwa katika rufaa. Tumemtwisha mtoto mzigo wa Jamhuri nzima!

Sheria hiyo ya 1998 pia iliruhusu faini isiyozidi shilingi 300,000, fedha isiyofika bei ya ng'ombe mzuri mnadani. Aliyetimiza miaka 18 haikumlinda. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2011, hawakuweka ukomo wa umri, na anayejua akanyamaza naye ana kosa.

Mapendekezo yangu, ambayo nafahamu mengine yako juu ya uwezo wa kikao hiki: mtoto asirudishwe nyumbani kabla hajatoa ushahidi. Dawati la jinsia la polisi lichukue maelezo ya mwalimu na ya mganga mapema, shauri lisimtegemee mtoto peke yake. Halmashauri itenge fungu la nauli za mashahidi. Waendesha mashtaka wakumbushe ahadi ya mtoto iandikwe. Bunge liondoe faini na ukomo wa umri. Wazazi wanaosaini hati ya kumpokea binti watembelewe na mtendaji kila mwezi, na taarifa iandikwe. Wazee wa mila watangaze msimamo wao hadharani kabla ya Novemba, si Desemba ngariba wakishaitwa. Na narudia: mtoto asirudishwe nyumbani kabla hajatoa ushahidi.