Risiti Zipo, Kusoma Je?



Mimi ni mhasibu, mtanivumilia nikianza na risiti. Kila mwaka tunasomewa taarifa hapa: fedha zilizochangwa, madaftari yaliyonunuliwa, watoto waliohudhuria masomo ya ziada. Hesabu zinakubali hadi shilingi ya mwisho, tunapiga makofi, tunakwenda kula. Hakuna mstari unaosema ni watoto wangapi waliingia hawajui kusoma wakatoka wanasoma. Tumeandika matumizi; tulichokipata hatujakiandika.

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za msingi za serikali, wilaya 10 za Tanzania, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika nyingine 70, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa Kiswahili, Kiingereza au Hesabu. Shule 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu. Watoto wakapimwa. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Ilipokwenda pamoja na bonasi, zilipanda.

Ziangalieni zile 140. Mtoto hujifunza hata sisi tusipochanga. Tukimpima mwisho wa mwaka tu, tutajisifu kwa kazi ya mwalimu wake wa darasani.

Kwa hiyo naomba fungu dogo la mchango wa leo liende kwenye upimaji. Kipimo cha Uwezo kinajulikana: silabi, neno, aya, hadithi, kwa kiwango cha darasa la pili. Mtu mmoja anakaa na mtoto mmoja. Tupime kabla ya masomo kuanza na yakiisha, na tuwapime pia wenzao waliokosa nafasi. Anayefundisha asipime, hata ofisini kwetu mtu hakagui vitabu vyake mwenyewe.

Najua yupo anayewaza kwamba matokeo mabaya yatawafukuza wachangiaji. Mimi ni mchangiaji, na ninataka kuyaona.

Walimu wastaafu, na vijana mnaosubiri kwenda vyuoni, nitakuwa mlangoni na daftari kabla ya chakula. Njooni mwandike majina.