PICHA YA MWEZI WA PILI



Ndugu zangu vijana, kuna ugonjwa ambao wengi wetu twadhani ni wa wazee. Saratani ya tezi, yaani limfoma, na hasa aina iitwayo Hodgkin, huwapata sana vijana wa miaka ishirini na thelathini. Uvimbe hutokea shingoni au kwapani, aghalabu hauumi, na mwenyewe huupuuza. Akianza kukonda na kutokwa jasho usiku, nyumbani watasema ni kifua kikuu, au ati ni jicho la watu.

Akishaanza dawa, swali ni moja tu: zinafanya kazi? Kupima ukubwa wa uvimbe hakutoshi, kwa sababu saratani yaweza kufa na uvimbe ukabaki kama kovu. Ndipo ikaja picha ya PET. Mgonjwa hudungwa aina ya sukari iliyotiwa mnururisho, ambao hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Seli za saratani zina uroho wa sukari. Huivuta kwa wingi na kuwaka kwenye picha. Kovu haliwaki. Daktari hulinganisha mng'ao huo na wa ini, kisha hutoa alama 1 hadi 5. Kipimo hiki huitwa Deauville, kwa jina la mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009. Alama 4 na 5 ndizo za kutia wasiwasi.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 2007 madaktari wa Italia na Denmark walitoa matokeo ya wagonjwa 260 wa Hodgkin iliyokwisha kuenea, waliopigwa picha hii baada ya mizunguko miwili ya dawa, yaani kama miezi miwili. Miaka miwili baadaye, waliokuwa na picha safi, 95 katika kila 100 ugonjwa wao haukuwa umerudi wala kuzidi. Ambao picha zao ziliwaka walikuwa kama 13 tu katika 100.

Utauliza, je, huku si kupiga ramli? Hasha! Ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake. Daktari amehesabu waliopita njia hiyo kabla yako, kama nahodha anayeyajua mawingu ya kusi.

Na picha mbaya si hukumu ya kifo, ndugu yangu. Usiichukue ukakimbilia kwa mganga! Faida yake ni kubadilisha dawa mapema. Katika utafiti mwingine mkubwa, uliochapishwa mwaka 2016, ambao picha zao ziliwaka walipewa dawa kali zaidi, na baada ya miaka mitatu kama 67 katika 100 ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa. Wenye picha safi nao walinufaika: wengine waliondolewa bleomycin, dawa inayoweza kudhuru mapafu, na matokeo yao yakakaribiana sana na ya walioendelea nayo. Lakini walimaliza mizunguko yao yote. Picha safi si ruhusa ya kuacha dawa, hata kama uvimbe umeyeyuka na nywele zimeanza kukuwasha kwa hamu ya kuota.

Tena si kila kinachowaka ni saratani. Kifua kikuu huwaka, vidonda huwaka, na huku kwetu kifua kikuu tunacho. Kwa hivyo pakiwa na shaka, daktari huenda akataka kukata kipande cha nyama kikapimwe kabla ya kubadilisha dawa. Usimwone anakusumbua.

Mashine hizi siku hizi zipo Nairobi, katika hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ingawa gharama yake si ya mchezo. Uliza mapema kuhusu bima.

Kabla ya picha mgonjwa hukaa bila chakula kwa saa kama sita, lakini maji matupu kwa kawaida huruhusiwa, na hata huhimizwa. Usiichanganye na saumu ya Ramadhan. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kisukari amweleze daktari siku kadhaa kabla, kwani sukari ikiwa juu katika damu, picha hufifia.