Walilipia Shamba Kabla ya Kuliona

Mmeniomba niseme juu ya kununua shamba pamoja. Basi nitawapa habari ya kijiji cha Moisés Ville, kule jimbo la Santa Fe, nchini Argentina.

Kilianzishwa mwaka wa 1889 na Wayahudi waliokimbia mateso huko Urusi, ambako sheria iliwazuia kununua mashamba. Mjumbe wao alienda Paris, akafanya mkataba na ajenti wa ardhi, wakatoa malipo ya kwanza. Watu zaidi ya 800, watoto wakiwemo, wakapanda meli iitwayo Weser. Kufika Buenos Aires mwezi wa Agosti, wanaambiwa shamba halipo! Bei ya ardhi ilikuwa imepanda, na mwenyewe hakutaka tena kuuza kwa bei ile ya zamani. Sasa niambieni, nyinyi mnaochanga kila mwezi: lile shamba lenu, ni nani kati yenu amelikanyaga? Nani ameenda ofisi ya ardhi akaona limeandikwa jina la nani?

Wenzetu hao wakapata ardhi nyingine kwa Pedro Palacios. Huko nako hakuna nyumba, hakuna jembe. Wakakaa kando ya reli, ndani ya mabehewa, wiki baada ya wiki. Ugonjwa ukaingia. Watoto zaidi ya 60 walikufa, wakazikwa kabla wazazi hawajapanda hata mbegu moja.

Daktari Wilhelm Loewenthal alipita hapo, akawaona, akaiandikia serikali. Kisha akamweleza tajiri mmoja, Maurice de Hirsch, ambaye mwaka wa 1891 alianzisha shirika la kuwanunulia wakulima Wayahudi ardhi. Haikuwa ya bure: walilipa pole pole kwa miaka mingi, na hati ilikaa kwa shirika mpaka deni liishe. Ugomvi haukukosekana.

Walipanda ngano, nzige wakala. Wenyeji wakawafundisha kupanda farasi na kuchunga ng'ombe, nao wakaanza kupanda majani ya mifugo. Mwaka wa 1908 wakaanzisha ushirika wao, La Mutua Agrícola, wakawa wananunua na kuuza pamoja. Mimi naona hapo ndipo waliposimama kwa miguu yao.

Watoto wao walisoma, wengi wakahamia mijini. Wayahudi waliobaki ni wachache, lakini kijiji kipo, na makaburi ya wale watoto yapo.